Sura ya Kwanza Bila Waridi

Mhariri alinirudishia sura ya kwanza ikiwa na neno moja tu pembeni, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa kama za bango la mgombea: WARIDI? Alama ya kuuliza ilikuwa kubwa kuliko neno lenyewe.

"Liko wapi?" akaniuliza.

"Lipi, mzee?"

"Waridi, mama. Kijana anakutana na binti ukurasa wa tatu. Wanasalimiana. Ukurasa wa tano wanasalimiana. Ukurasa wa saba, nikasema sasa moto utawaka, wanasalimiana tena! Hii ni hadithi ya mapenzi au ni msiba wa jirani?"

Ofisi yake iko Themi, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Anachapa vile vitabu vyembamba vya mapenzi ambavyo akina dada huvificha ndani ya Biblia na akina kaka huvificha ndani ya magazeti ya michezo. Kila jalada lina ua jekundu. Ni mtu mwema, simsingizii. Ana chai ya tangawizi kali ambayo ukiipiga funda moja unaona mababu zako wote wamejipanga wanakupungia mkono. Na alikuwa ameipenda hadithi yangu, sura ya pili mpaka ya mwisho. Alisema hivyo kwa kinywa chake. Iliyomkwama kooni ni ya kwanza, pale wapenzi wangu wanapoanza kupendana.

"Nitengenezee hiyo moja tu," akasema. "Weka waridi, weka moyo kwenda mbio, na kitabu kinaingia mtamboni. Usipoweka, basi chukua mzigo wako, mwanangu, tutabaki kusalimiana kama hao watu wako."

Niseme wazi jinsi nilivyokitaka kitabu hicho. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe nilimtaka mpaka nikawa namwota akiniita kwa jina. Mimi nimemaliza shule ya jioni nikiwa mtu mzima na watoto, nimekaa dawati moja na vijana walioniita bibi, nimeandika insha kwa kidole kilichochomwa na miiba mpaka kikawa kigumu kama kwato. Siku niliyopewa cheti nilitembea mjini nimekishika kifuani, magari yakinipisha. (Yalinipisha kwa sababu nilikuwa katikati ya barabara, lakini yalinipisha.) Kitabu chenye jina langu kingekuwa cheti cha pili. Kwa hiyo ukisikia nilichofanya baadaye, usidhani nilikuwa na vitabu vingine kumi mfukoni.

Tatizo ni kwamba mhariri alimwagiza waridi mtu asiyefaa kuagizwa waridi.

Kabla ya shule ya jioni nilifanya kazi kwenye shamba la maua, huku chini ya mlima, kwenye banda la kuchambulia. Nimeshika mawaridi mengi kuliko nywele zilizo kwenye vichwa vya wakazi wote wa Arusha, ukijumlisha na mawigi. Yanaletwa ndani ya ndoo kutoka vitaluni. Unashika shina, unalilaza mezani penye alama za urefu, unakagua kichwa, unanyofoa majani ya chini, unaliweka kwa wenzake wa kimo chake. Lenye doa, chini. Lenye shingo iliyoinama, chini. Yaliyotupwa chini tuliyaita rijekti, na yaliyopita yalifungwa, yakapelekwa chumba cha baridi, kesho yake yakapanda ndege kwenda kuwafurahisha wanawake ambao hatutawaona. Sisi tulirudi nyumbani kwa miguu, tunanuka dawa, tumechanika mikono. Mume akikuletea waridi nyumbani ni sawa na mume wa mwashi kumletea mkewe tofali.

Na mimi nililetewa! Usidhani sikuletewa. Dereva wa trekta, mtu wa meno meupe sana, alinisubiri getini na kishada cha rijekti alichokiokota nyuma ya banda, amekifunga kwa kamba ya kufungia migomba.

"Dada, haya ni kwa ajili yako tu."

Nikashukuru kama nilivyolelewa. Tukaanza kuongea. Yeye aliongea kuhusu macho yangu, kuhusu usiku asiolala, kuhusu mambo mengi mazuri, na mimi nikaitikia "mh, mh," mpaka ghafla akanyamaza. Nikamwangalia. Anaangalia mikono yangu. Nikaiangalia na mimi. Ilikuwa imeshafungua ile kamba, imenyofoa majani ya chini, imepanga marefu kwa marefu na mafupi kwa mafupi juu ya ukuta wa geti, na matatu yenye shingo mbovu imeyatupa chini. Wala sikuiagiza. Ilikuwa inafanya kazi ya ziada bila malipo.

"Umeyakataa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Haya matatu tu," nikamjibu.

Huo ndio ukawa mwisho wa mapenzi yetu, na ndiyo mara ya pekee waridi limewahi kuingia kwenye mambo yangu ya moyo. Sasa uniambie ningeliwekaje kwenye ukurasa wa tatu.

Mtu niliyemwandika kwenye sura ya kwanza alikuwa mwingine. Huyu alifanya kazi chumba cha baridi. Wenyewe tuliwaita watu wa Ulaya, kwa sababu waliingia kazini na makoti mazito na kofia za sufu wakati wenzao nje wana kanga mabegani, na walipotoka nyusi zao zilikuwa na maji.

Ulikuwa mwezi wa saba. Mwezi wa saba huku kwetu ukungu unaufunika mlima mpaka unasahau kama kuna mlima, na jua ni kama mgeni wa heshima kwenye harusi, linachelewa, linakaa kidogo, linaondoka kabla ya keki. Nyuma ya banda kulikuwa na ukuta mmoja ambao saa ya chakula ulipata kipande cha jua, upana wa mkeka. Kipande hicho kilikuwa changu. Hakuna aliyenipa, nilikipigania. Nikafika siku moja na bakuli langu la makande, namkuta mtu wa Ulaya amekaa katikati yake amefumba macho kama kenge.

"Kaka, hapo pana mwenyewe."

"Jua lina mwenyewe?"

"Lina."

"Basi mwenyewe asogee kidogo," akasema bila kufumbua macho. "Mimi ni mkimbizi."

Akasogea lakini, mpaka bega lake moja likawa kivulini. Akaninyooshea mkono tusalimiane, na hakunipa kiganja. Alinipa kifundo cha mkono.

Hapa kwetu kila mtu anajua kifundo ni cha nini. Umetoka kukamua, umetoka kukanda unga, umetoka shambani na tope, unamwinulia mgeni kifundo akishike hicho, usimchafue. Lakini yule mikono yake ilikuwa mikavu na misafi kuliko ya daktari. Nikakishika kifundo, nikasema moyoni, huyu ana maringo. Ananiona mimi mchambuaji wa maua sifai kiganja.

Kesho yake, kifundo. Keshokutwa, kifundo. Nikamchukia. Na kumchukia mtu, wenzangu, ni kazi kubwa, inataka umwangalie sana. Kufika Ijumaa nilikuwa najua kwamba masikio yake yanachomoza chini ya kofia kama vishikio vya sufuria. Nilijua anakula makande kwa kuchagua maharage kwanza, mahindi anayaacha yarundikane kama mawe ya barabara. Nilijua anacheka kabla hajamaliza kusema kichekesho chake, ukabaki hujui kilikuwa nini. Mambo yote hayo niliyakusanya kwa hasira, ili nimseme vizuri.

Ikafika siku nikashindwa. "Kaka, mimi nina upele?"

"Kwa nini, dada?"

"Kila siku kifundo. Wenzangu unawapa hivyo hivyo, au ni mimi peke yangu?"

Akaiangalia mikono yake kana kwamba ameiazima. "Hii? Hii ni barafu, dada yangu. Siku ya kwanza ya kazi nilimpa mama mkono, akapiga yowe mpaka mbwa wa jirani wakaja. Nikasema sitamfanyia mtu hivyo tena."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nikacheka, punje ya hindi ikanipanda puani, nikakohoa karibu nife, na yeye akanipiga mgongoni kwa kiwiko. Kwa kiwiko! Hata kuniokoa aliniokoa kwa tahadhari.

Baada ya siku hiyo akaja na kikombe cha bati cha chai kutoka kantini. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili, anakuja polepole kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akakaa. Hakunywa. Nikaanza kula, hakunywa. Moshi ukaisha kwenye kikombe, juu ya chai ukaota utando, na bado amekikumbatia. Nikataka kumwambia chai yako inapoa, nikaendelea na makande yangu. Ndipo akakiweka chini, akageuka, akaninyooshea kiganja.

"Habari za leo, dada."

Kilikuwa cha moto. Nilikishika kwa muda ule ule ambao watu wote duniani hushikana mikono, wala hakikuzidi. "Nzuri, kaka." Akarudisha mkono. Akachukua ile chai iliyokwisha kupoa, akaimwaga kwenye majani, akafungua chakula chake, akaanza na maharage.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoanzia. Hakuna kilichotokea. Ukimhadithia mtu atakuuliza, halafu? Hakuna halafu. Nilirudi mezani kwangu mchana ule nikachanganya marefu na mafupi mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimekunywa pombe. Nikamwambia hapana, nimesalimiwa.

Hiyo ndiyo sura niliyoandika. Na hiyo ndiyo sura ambayo mhariri aliinyooshea kalamu, siku ile Themi, akaniambia, "Yaani mkono wa vuguvugu. Mama, mkono wa vuguvugu!"

"Ndiyo, mzee."

"Wasomaji wangu wanataka moyo uende mbio. Wanataka jasho kwenye viganja. Magoti yalegee, macho yaone giza."

"Mzee, hiyo kwetu tunampeleka mtu kupima malaria."

Akacheka, chai ikamwagika kwenye ukurasa wa sita, ninao mpaka leo na doa lake. Lakini hakubadilika. Nikaondoka na sura yangu, na kwa kuwa nilikitaka kitabu, nilijaribu. Sitaki mtu aseme nilikuwa mbishi kabla ya kujaribu. Nilikaa nyumbani Akheri, chini ya migomba yangu, nikamwandikia yule kijana waridi. Nililiandika kwa bidii. Jekundu kama damu, lenye umande, harufu yake ikaujaza ulimwengu. Binti akaliona, moyo wake ukaenda mbio kama ng'ombe aliyekatika kamba. Nikamwongezea magoti. Yakalegea yote mawili.

Jumamosi mchana akaja rafiki yangu, yule tuliyechambua naye meza moja miaka yote, kunisaidia kupukuchua maharage. Mume wangu naye alikuwepo, anarekebisha banda la ng'ombe. Nikamsomea rafiki yangu sura mpya kwa sauti ya redio.

Alinisikiliza mpaka kwenye umande. Halafu akainua mkono. "Shoga, ngoja. Hilo ua limetoka wapi?"

"Amemletea."

"Amemletea kutoka wapi? Wanafanya kazi shambani, si ndiyo? Basi kaiba. Getini walimpekua au hawakumpekua?"

"Hawakumpekua."

"Mlinzi gani huyo? Afukuzwe. Na lina urefu gani?"

"Sijaandika urefu."

"Kama ni lile fupi amemdharau. Na huyo binti amelipokea bila glovu? Damu hiyo uliyosema nyekundu, basi ndiyo ya kidole chake." Akaanza kucheka, na rafiki yangu akicheka kuku wanahama kata. Maharage yakatawanyika. "Eti harufu! Shoga, lini waridi la pale lilikuwa na harufu? Tulikuwa tunanuka dawa tupu!"

Mume wangu akasimamisha nyundo. "Huyo kijana ni nani?"

"Ni wa kwenye kitabu tu, baba watoto."

"Si ulisema unaandika ile ya ukutani?"

Nikaanza kuokota maharage yaliyotawanyika. Rafiki yangu akanyamaza, na hiyo ilinitisha, maana hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Mume wangu akaigeuza nyundo mkononi, yale masikio yake yanachomoza chini ya kofia vilevile.

"Mimi si mtu wa maneno," akasema. "Andika unavyotaka, kitabu ni chako. Ila huyo mwenye ua simjui. Na kama angekuja ukutani kwetu, nadhani usingemsogelea."

Akarudi kugongelea misumari. Alisema kwa upole kabisa, angenitukana ingekuwa nafuu. Nikaikunja ile sura ya waridi, nikaitumia kuwashia moto wa chai. Haikuwaka vizuri, ilikuwa na umande mwingi.

Jumatatu nikapanda ngazi za Themi na sura ya zamani, ile ya doa la chai, bila kubadilisha hata mstari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umeniletea?"

"Nimekuletea ile ile."

Akavua miwani. "Sasa mama, tusikilizane. Wewe waridi umelizoea, ulilifanyia kazi. Lakini msomaji wangu wa Dodoma hajawahi kuona shamba la maua."

"Msomaji wa Dodoma ana mikono, mzee. Amewahi kunyoosha mkono kwa mtu akajiuliza utapokelewaje. Usimfanye kama ana moyo tu, tena moyo wenyewe mbovu, kila ukurasa unaenda mbio."

"Mapenzi yana kanuni zake."

"Kanuni hizo ni za jalada. Watu hawaanzi kupendana kwa kuzimia. Wanaanza kwa kuudhika, kwa kumwangalia mtu anavyokula, kwa kujua jambo dogo la kijinga ambalo hakuna mwingine analijua. Mimi nimempa binti jambo moja tu. Mtu ameacha kunywa chai yake siku ya baridi ili mkono wake usimuumize mwenzake. Kama wewe huoni kitu hapo, mzee wangu, mimi nikuwekee bustani nzima bado hutaona."

Akatazama dirishani. Nikadhani nimemkosea adabu, na pengine nilikuwa nimemkosea. Kisha akarudi kwa sauti ya kubembeleza, ile ya sokoni mteja akishageuza kisogo. "Moja basi. Dogo. Si lazima amletee. Liwepo tu mezani, kwenye chupa, kantini. Walione tu."

Sitakudanganya. Hapo niliyumba. Ua moja, kwenye chupa, mbali kabisa na ukuta, halafu kitabu. Niliiona picha ya jalada, nililiona jina langu, niliwaona wale vijana walioniita bibi wakikinunua. Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka kusema sawa. Halafu nikalifikiria hilo ua mezani, nikaiona mikono ya yule binti wa hadithi yangu inalitoa kwenye chupa, inalilaza, inalipima.

"Likikaa mezani, mzee, atalichambua," nikamwambia. "Na atalitupa chini. Ninamjua."

"Basi nichape nini mimi?"

"Ukitaka, hiki. Usipotaka, nakiondoa."

Akapumua pumzi ndefu, akaisukuma ile bahasha yangu upande wangu wa meza. Akasimama kistaarabu, akaninyooshea mkono wa kwaheri. Nami nikasimama, nikamwinulia kifundo.

Akabaki ameduwaa. Mkono wake ukaning'inia hewani kidogo, ndipo akashika kifundo changu kwa vidole vitatu. Akanitazama mikono, akaona haina tope wala unga. Akautazama wa kwake, akaugeuza kiganja juu, akaukagua.

"Mbona hivyo?" akauliza. "Mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu, mzee. Ila leo utakwenda nao nyumbani ukijiuliza." Nikachukua bahasha. "Huo ndio ukurasa wa tatu mpaka wa saba."

Alicheka, nilimsikia mpaka kwenye ngazi. Lakini hakuniita nirudi, na mimi sikugeuka, ingawa niliteremka polepole kuliko konokono mwenye miguu mibovu, endapo angeita.

Kitabu hakijachapwa. Siku hizi nawasomea sura kwa simu wale wenzangu wa banda la zamani, natuma sauti kwenye kundi letu, wao wanawatumia dada zao, dada zao wanawatumia wengine. Juzi mwanamke wa Olasiti nisiyemjua hata kidogo alinipigia kuniuliza, kwa ukali kabisa, kama yule kaka alikunywa chai siku iliyofuata au la, maana yeye hapati usingizi. Nikamwambia asubiri. Akanisonya. Nilifurahi wiki nzima.

Na mhariri alinitumia ujumbe mmoja, kwamba nikibadili mawazo mlango uko wazi. Nikamjibu kwamba na wangu uko wazi, aje Akheri, aje mwezi wa saba, aje amevaa koti.

Mume wangu aliponisikia siku ile nimerudi na bahasha hakuuliza kitu. Alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe, ukungu umemlowesha mpaka mabegani. Akanipita kwa nyuma nikiwa nimeinamia jiko, akaniwekea mikono yote miwili shingoni, mibichi, ya barafu kabisa, nikapiga yowe mbwa wa jirani wakaja.

"Siku hizi mikono huipashi kwanza?" nikamkemea.

"Siku hizi wewe ndio jiko," akasema, akaanza kucheka kabla hajamaliza.

Hiyo ni sura ya ishirini. Nayo haina ua.